Sindano za kukausha jasho viganjani: muulizeni mtu kazi yake kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na watu wawili kupitia gazeti lako: mgonjwa anayefikiria kuchomwa sindano za kukausha jasho viganjani, na daktari atakayemchoma. Sindano hizi zinasifiwa sana siku hizi, na sifa nyingi ni za haki. Ila katika sifa zote nilizosoma sijaona mahali mgonjwa anapoulizwa jambo ambalo kwangu mimi lilipaswa kutangulia mengine yote: mikono hiyo unaifanyia kazi gani?

Mimi ni fundi cherehani. Nashona nguo za kike, magauni ya harusi zaidi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haifanywi na mashine. Kushikiza, kupiga pindo kwa mkono, kutia shanga, kukaza vifungo, yote hayo ni kazi ya ncha za vidole. Na viganja vyangu vinatoka jasho tangu nikiwa mtoto. Sisemi ule unyevu unaompata kila mtu akiingiwa na wasiwasi. Nasema jasho linalokusanyika katika mistari ya kiganja hadi likadondoka. Shuleni niliandika nikiwa nimelaza kitambaa chini ya mkono, na bado wino ulisambaa na kurasa zikakunjamana. Nilipoingia kwenye ufundi, sindano nilizoacha zimechomekwa kwenye kazi zilishika kutu upesi kuliko za wenzangu. Satini nyeupe ilibaki na alama za maji ambazo pasi haikuziondoa. Mteja akinyoosha mkono tusalimiane, nilijitia nimeshika mzigo.

Wenye hali hii tunajificha, na mficha maradhi kifo humuumbua, ingawa maradhi haya hayaui. Kwa hiyo niseme wazi kwa anayesoma akiwa ameficha mikono mfukoni: hii ni hali inayojulikana kitabibu. Kwa kawaida huanza utotoni au wakati wa kubalehe, hushika viganja vyote viwili, mara nyingi huonekana kwa zaidi ya mtu mmoja katika ukoo, na jasho hukoma mtu akilala usingizi. Tezi za jasho zenyewe ni nzima. Zinazokosea ni amri zinazoletwa na mishipa ya fahamu, ambazo ni nyingi kupita kiasi. Lakini jasho likianza ghafla ukubwani, au likitoka usiku ukiwa usingizini, au likishika upande mmoja tu wa mwili, au likiandamana na kukonda na homa, hilo ni jambo jingine. Hapo daktari anapaswa kuangalia tezi ya shingoni, kisukari, maambukizi kama kifua kikuu, na dawa unazotumia, kabla mtu yeyote hajataja sindano.

Sikukimbilia sindano. Nilianza na dawa ya kupaka yenye kloridi ya alumini, ile inayopakwa usiku mikono ikiwa mikavu kabisa. Viganja viliwasha na ngozi ikachubuka, faida ikawa ndogo. Nikaenda kwenye mashine ya maji na umeme, ambapo mikono inawekwa katika trei za maji na mkondo mdogo wa umeme unapitishwa kwa dakika 20 hadi 30, mara kadhaa kwa wiki mpaka jasho lipungue, kisha unaendelea kurudia ili lisirejee. Hii ilinisaidia, na bado naipendekeza kwa mtu asiye na mimba, asiye na kifaa cha kusukuma mapigo ya moyo, wala vyuma mwilini. Shida yake ni muda. Msimu wa harusi ukipamba moto, nusu saa ya kukaa mikono ndani ya maji mara tatu kwa wiki haipatikani. Vidonge vinavyozuia jasho mwili mzima vilinikausha mdomo na kunitia ukungu machoni. Fundi asiyeona tundu la sindano hana kazi. Upasuaji wa kukata au kubana mishipa ya fahamu kifuani niliukataa, kwa sababu wengi waliofanyiwa jasho huwahamia mgongoni, tumboni na mapajani, na ukishakatwa hakuna njia ya uhakika ya kurudi nyuma.

Zikabaki sindano. Nataka nieleze zinavyofanya kazi, kwa kuwa asiyeelewa hapo hataelewa madhara yanatoka wapi.

Kilichomo ndani ya kichupa ni sumu inayotengenezwa na bakteria aitwaye Clostridium botulinum, yuleyule anayesumisha chakula kilichohifadhiwa vibaya. Dawa inayojulikana zaidi katika jamii hiyo ni Botox. Daktari Mjerumani Justinus Kerner, aliyewachunguza watu waliodhurika kwa kula soseji mbovu, aliandika mwaka 1820 na 1822 kuhusu sumu hiyo. Aliona kwamba wagonjwa wake walilegea misuli, na pia kwamba majimaji ya mwili yalikauka: machozi, mate, jasho. Akawaza kwamba huenda siku moja sumu hiyo kwa kiasi kidogo ikatibu magonjwa. Zaidi ya miaka 150 ilipita kabla ya wazo lake kuwa tiba kamili. Mwaka 1989 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha sumu hiyo kwa makengeza na kwa kope zinazojifumba zenyewe, na mwaka 2004 ikaidhinisha kwa jasho kali la kwapani.

Kwapani, Mhariri. Si viganjani. Kwa viganja, madaktari wanaitumia nje ya matumizi yaliyoandikwa katika kibali hicho. Kufanya hivyo si kosa, dawa nyingi zinatumika hivyo na kuna uzoefu wa miaka mingi. Lakini mgonjwa ana haki ya kuambiwa, na mimi sikuambiwa.

Sasa nieleze kazi ya sumu yenyewe. Mshipa wa fahamu unapotaka tezi itoe jasho, unamwaga kemikali iitwayo asetilikolini. Sumu hii inaziba mlango wa kumwagia, tezi inakaa bila amri, kiganja kinakauka. Baada ya miezi kadhaa mshipa unajijenga upya na jasho linarudi. Mpaka hapo ni habari njema. Ila asetilikolini hiyohiyo ndiyo inayoamuru misuli ijikunje. Kwapani hilo halina uzito, kwani chini ya ngozi pale kuna mafuta mengi kabla ya kufika kwenye misuli. Kiganjani hali ni tofauti. Bonyeza ule uvimbe laini ulio chini ya kidole gumba. Huo ni msuli, tena ni misuli midogo kadhaa, na iko mara tu baada ya ngozi. Hiyo ndiyo inayokigeuza kidole gumba kikutane na vidole vingine. Dawa ikichomwa kwa kina kidogo tu kupita ngozi, au ikisambaa, inaikuta misuli hiyo.

Siku ya kuchomwa walinipaka ayodini na kunyunyizia unga wa wanga. Penye jasho pakageuka rangi nyeusi yenye ubuluu, na kwangu kiganja kizima kiligeuka mpaka kwenye ncha za vidole. Daktari akachora vidoti kwa kalamu, kila kimoja umbali wa kama sentimita moja na nusu kutoka mwenzake. Kiwango kinachotumika sana ni kati ya yuniti 50 na 100 kwa mkono mmoja, zikigawanywa katika vidoti vingi, na kila kidoti ni sindano yake. Kiganja na ncha za vidole ni sehemu yenye mishipa mingi mno ya kuhisi, kwa hiyo bila ganzi ni mateso. Krimu ya ganzi haipenyi vizuri katika ngozi nene ya kiganja. Mimi nilichomwa ganzi kwenye kifundo cha mkono, pale inapopita mishipa mikubwa ya fahamu. Sindano ilipogusa mshipa mmojawapo, umeme ulinipiga hadi kwenye kidole cha kati. Daktari akaivuta nyuma mara moja, na alifanya vyema, maana mshipa huo unaweza kujeruhiwa. Baada ya hapo mikono yote miwili ilikufa ganzi kwa saa kadhaa. Usiendeshe gari katika hali hiyo, usishike pasi, usiguse sufuria. Nenda na mtu wa kukusindikiza.

Viganja vilivimba kidogo, sehemu mbili zikavilia damu, kichwa kikauma. Yote hayo nilikuwa nimeambiwa, yalikuwemo kwenye fomu niliyotia saini, na yalipita haraka. Siku chache baadaye jasho likaanza kupungua, na nilipoamka asubuhi moja nikagusa shuka kwa mikono mikavu nilifurahi kiasi cha kumwita mume wangu aje ashike viganja vyangu.

Furaha ile haikukaa. Niliinama kuokota pini mezani. Kidole gumba kikafika, cha shahada kikafika, vikagusana vizuri, na pini ikabaki mezani. Nikajaribu tena nikitazama kwa makini. Vidole vilikuwa pale palipotakiwa, ila havikuwa na msukumo. Nikachukua sindano na uzi. Kutunga uzi niliweza kwa shida, kwa kuuegemeza kwenye kucha. Kupenyeza sindano katika tabaka tatu za satini sikuweza, hata na kastabini. Sindano ilizunguka katikati ya vidole na kulala ubavu. Nikajaribu kuisukuma kwa ukingo wa kidole gumba, nikajichoma, tone la damu likaingia kwenye pindo la gauni la bibi harusi.

Jambo lililonishangaza, na ambalo ndilo linalowapotosha wengi, ni kwamba mkono kwa ujumla ulikuwa na nguvu. Ndoo ya maji niliibeba. Mlango mzito niliuvuta. Nguvu hiyo ya kukamata kwa mkono mzima inatoka kwenye misuli mikubwa ya kigasha, kati ya kiwiko na kifundo, ambayo haikuguswa. Aliyeniona na ndoo hangeamini kwamba kifungo cha shati la mwanangu kimenishinda, kwamba ufunguo hauzunguki mlangoni mpaka niushike kwa ngumi, kwamba kifuniko cha chupa kinanitoa machozi. Nilipopiga simu kliniki, aliyepokea aliniuliza kama naweza kukunja ngumi. Nilikunja. Akaniambia basi mkono uko sawa.

Haukuwa sawa. Kukunja ngumi hakupimi kitu hicho. Kinachotakiwa kupimwa ni kubana, yaani kidole gumba na cha shahada vikishikilia kitu chembamba huku mtu akikivuta. Huko ndiko udhaifu unakojificha.

Baadaye niliongea na daktari mwenyewe. Mtu mpole, sina ugomvi naye, wala simtaji. Akaniambia: "Mama, hiyo ni kawaida, itaisha." Alisema kweli, iliisha. Kwa watu wengi udhaifu huu hudumu wiki chache, kwa wengine hufika miezi, kisha misuli hurudi. Lakini kama ni kawaida, kwa nini haikuwemo kwenye maelezo niliyopewa kabla? Maelezo rasmi ya dawa hiyo ya Marekani yanasema wazi kwamba wanaochomwa kwa ajili ya jasho la viganja wanaweza kupata udhaifu wa misuli ya mkono. Aliyeitengeneza dawa ameliandika. Kwa nini lisomwe na daktari peke yake?

Nitaeleza gharama yake kwangu, ili wanaoita madhara haya madogo wajue yanavyopimwa mahali pengine. Gauni lile nilimkabidhi fundi mwingine alimalizie, na malipo yakaenda kwake. Wanafunzi wangu wawili walinitungia uzi na kunifungia vifungo vyangu mwenyewe asubuhi. Kazi za kushona kwa mkono nilizikataa kwa wiki nyingi, nikabaki na kushona mishono mirefu ya mashine, na hata hapo kitambaa nilikiongoza kwa kiganja badala ya vidole. Mteja mmoja wa miaka mingi alidhani nimepata kiharusi. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kuzungumza au kusimamia wengine, wiki zile zingekuwa usumbufu wa kufungua chupa tu. Kwangu zilikuwa wiki bila kipato. Fikiria fundi saa. Fikiria daktari wa meno, mpiga gitaa, muuguzi anayetafuta mshipa wa mtoto mchanga, kiziwi anayezungumza kwa alama za mikono. Dawa ni ileile, kiwango ni kilekile, na athari yake katika maisha ya kila mmoja ni tofauti kabisa.

Kulikuwa na ukavu pia. Mtu anayelowa kila siku hafikirii kwamba mkono unaweza kukauka kupita kiasi, lakini unaweza. Ngozi ya ncha za vidole vyangu ilipasuka mipasuko midogo iliyonasa nyuzi za hariri. Unyevu kidogo ndio unaosaidia vidole kushika kitu laini, na mimi nilikuwa sina hata huo kidogo. Karatasi za vielelezo ziliteleza. Mafuta mazito ya kupaka usiku, na glavu za pamba wakati wa kulala, vilinisaidia. Kuhusu jasho kuhamia sehemu nyingine, nililisikia kidogo miguuni na sikulihesabu kuwa shida. Kwa sindano si kama kwa upasuaji.

Lipo jambo zito zaidi ambalo halikunipata, na ni nadra, lakini kulinyamazia si haki. Mwaka 2009 mamlaka ile ya Marekani iliagiza dawa zote za jamii hii ziwekewe onyo kali kabisa: kwamba sumu inaweza kusambaa mbali na mahali ilipochomwa, saa kadhaa hadi wiki kadhaa baadaye. Dalili zake ni kushindwa kumeza, kupumua kwa shida, sauti kukwaruza au kupotea, kuona vitu viwiliviwili, udhaifu wa mwili mzima, kushindwa kuzuia mkojo. Walio hatarini zaidi ni watoto wanaotibiwa misuli iliyokakamaa, si sisi wa viganja. Hata hivyo ukiona dalili mojawapo ya hizo, nenda hospitali siku hiyohiyo na useme ulichomwa nini. Na kabla ya kuchomwa, mtaje daktari kila ugonjwa wa misuli na mishipa ya fahamu ulio nao au uliopo katika familia, hasa ule wa miastenia unaolegeza misuli kadiri unavyoitumia. Taja kama una mimba au unanyonyesha. Taja antibayotiki, kwa sababu zipo kama jentamisini zinazoongeza nguvu ya sumu hii kwenye misuli.

Jingine ni nani anachoma na anachoma nini. Sindano hizi zimekuwa biashara ya urembo, na palipo na biashara ya urembo hapakosi wachomaji wasio na taaluma. Aprili 2024 Marekani, nchi yenye ukaguzi mkali, ilitangaza kwamba Botox bandia imekutwa katika majimbo kadhaa, na watu walilazwa hospitali. Ikiwa huko imepenya, hakuna mahali pa kujiona salama. Omba uoneshwe kichupa na kiboksi chake kabla hakijafunguliwa. Uliza jina la dawa na idadi ya yuniti, uandike. Zipo dawa kadhaa za jamii hii na yuniti za moja si sawa na yuniti za nyingine. Aliyechomwa yuniti 100 za dawa fulani hawezi kwenda kuomba yuniti 100 za nyingine akidhani ni kitu kimoja. Wala usishawishike kurudia mapema eti kwa sababu kona moja ya kiganja bado inalowa. Kurudiarudia kwa karibu na kwa kiwango kikubwa kunaweza kuufundisha mwili kutengeneza kinga dhidi ya dawa, na siku hiyo itaacha kufanya kazi.

Baada ya barua ndefu hivi msomaji anaweza kudhani nawaambia watu wasichomwe. Hapana. Misuli iliporudi, nilipata miezi ya raha ambayo sikuwahi kuipata tangu utoto. Nilishona hariri nyeupe bila kufuta mikono. Niliandika vipimo vya wateja bila kulowesha daftari. Nilimshika mkono mama mkwe wangu nikauacha mkono wangu mkononi mwake tukizungumza, bila kuutafutia sababu ya kuutoa. Jirani mmoja aliyeona vidole vyangu vimelegea alianza kuwatangazia watu kwamba nimetiwa sumu, na binti mmoja anayeteseka kwa jasho kama langu alighairi kwenda hospitali kwa sababu ya maneno hayo. Nilimfuata nikamweleza yote, ubaya na uzuri, kama nilivyoyaeleza hapa, nikamwambia aamue mwenyewe.

Jasho liliporudi, kama linavyorudi kwa kila mtu, nilikwenda kwa daktari mwingine wa ngozi. Nilieleza yaliyonipata. Kabla ya kunigusa aliniuliza nashona nini, kwa mkono upi, na msimu wangu wa kazi nyingi ni lini. Akanipa kipande cha karatasi nikibane kwa kidole gumba na cha shahada, akakivuta polepole, mkono huu kisha ule, akaandika. Akapendekeza tuanze na mkono wa kushoto peke yake, ambao siutumii kushonea, na wa kulia usubiri mpaka wa kushoto uonyeshe umefanyaje. Pale kwenye uvimbe wa chini ya kidole gumba alichoma vidoti vichache, kwa dawa ndogo, juujuu kabisa kwenye ngozi. Badala ya kuchoma ganzi kwenye kifundo, muuguzi alinikandamizia barafu na kifaa kinachotetemeka karibu na kila kidoti. Iliuma, siwezi kudanganya, zaidi ya mara ya kwanza, lakini niliondoka nikiwa na mkono unaofanya kazi.

Udhaifu ulikuja tena kwenye kidole gumba cha kushoto. Ulikuwa mwepesi, niliuona zaidi nilipojaribu kufungua pini ya usalama, na uliisha mapema. Kilichobaki ni kipande cha kiganja chini ya kidole gumba ambacho bado kinalowa, kwa sababu pale dawa iliwekwa kidogo. Daktari aliniambia mapema kwamba hilo ndilo tutakalolipa ili kuuokoa msuli, akaniuliza kama nakubali. Nilikubali kwa moyo mmoja. Kipande hicho nakifuta kwa kitambaa na kazi inaendelea.

Tofauti kati ya mara ile na hii haikuwa mashine mpya wala dawa mpya. Ilikuwa mazungumzo ya dakika chache na karatasi ya kubana kwa vidole.

Ninachoomba, Mhariri, hakihitaji fedha. Kliniki zinazochoma sindano hizi ziongeze kwenye fomu zao mstari unaosema kwamba nguvu ya kubana kwa kidole gumba inaweza kupungua kwa wiki kadhaa, na kwamba matumizi ya viganjani hayamo katika kibali cha dawa kama hayamo. Chini yake ziache nafasi ya kujaza kazi ya mgonjwa na mkono anaoutumia. Zipime kubana kabla na baada, si kukunja ngumi. Wanaopokea simu wafundishwe kuuliza, "Unaweza kufunga kifungo?" Na mgonjwa ambaye kazi yake iko kwenye ncha za vidole apewe nafasi ya kuchomwa mkono mmoja kwa wakati, hata kama ratiba ya kliniki ingependa yote miwili siku moja.

Kwa aliye katika zile wiki za ulegevu sasa hivi: usiinue sufuria yenye maji ya moto kwa masikio yake, usishike kisu kikali kwa mkono uliolegea, na kazi ya vidole mpe mtu mwingine bila kuona haya. Mweleze mwajiri wako kwa maandishi kwamba ni athari ya tiba na ina mwisho. Jipime kwa karatasi kila wiki, mtu wa nyumbani akuvutie, muandike. Mimi nilijua misuli inarudi siku mwanangu alipovuta karatasi ikachanika kabla haijanitoka.

Wako,
Fundi cherehani, msomaji wa gazeti hili